Chupa ya sukre si nyumba ya asidi

Nani kati yetu hajaona filme « Le Bon, la Brute et le Truand »? Wote tunacheka Tuco, ule munyang'anyi wa maneno mingi. Lakini mambo ya nyuma ya kamera hayachekeshi, na yanatugusa sisi watu wa migodi.

Filme ile ilitengenezwa na Sergio Leone, Muitalia, katika Hispania, mwaka 1966. Tuco alikuwa Eli Wallach, Mumarekani. Kulikuwa mufuko wa feza uliopashwa kupasuka mara moja wakati wa kupigwa. Fundi akaulegeza na asidi. Sasa, asidi ile alikuwa ameiweka ndani ya chupa ya sukre, karibu na chupa ya Wallach mwenyewe. Wallach akakamata, akakunywa! Alipona, lakini kinywa kiliungua.

Haikuisha pale. Walimulalisha pembeni ya reli, ili treni ikate mnyororo wa pingu. Hakuna mutu aliyeangalia mbele vile vingazi vya chuma vilivyotoka inje ya mabehewa. Kama angeinua kichwa kidogo tu, kingekatwa. Walipotaka kurudilia, akakatala.

Na daraja? Waaskari wa Hispania walilijenga, wakatia baruti. Kapitene wao akapewa heshima ya kulilipusha. Akasikia neno moja vibaya, daraja likaruka kamera bado kuanza. Wakapashwa kulijenga tena.

Wengine watasema: ni bahati mbaya. Sisi tunasema: hapana. Chupa bila alama, kazi bila kukaguliwa, amri yenye kusikiwa vibaya: ile haitoke kwa Mungu, inatoka kwa watu. Mwenye kupasua mawe chini ya udongo anajua bei ya neno moja.

Tunajua pia kama Wallach alikuwa mutu wa jina kubwa. Yeye kukatala, hakuna aliyemufukuza. Mufanyakazi wetu mwenye watoto sita, akikatala kushuka ku shimo lenye ufa, kesho anaambiwa abaki ku nyumba. Njo maana hatusemi tu « ndugu, ujichunge ». Wakubwa wa kazi ndio wa kwanza kupashwa kukagua, kusikiliza, na kuacha mutu aseme « hapana » bila kupoteza mukate wake. Kazi yenye kuchelewa saa moja inamalizika kesho. Mutu aliyekufa harudi.

Lakini kuna kitu kimoja kisichongojea mukubwa yeyote. Bamama, bababa, leo magaribi muangalie chini ya meza na nyuma ya mulango. Kama kuna asidi iliyoletwa kutoka kazi ndani ya chupa ya sukre, muitoshe, irudi kule ilitoka. Wallach alikuwa mutu muzima, akadanganyika. Mutoto mwenye kiu atafanya nini?