Kabla Dirisha Halijafunguliwa

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ikafungua dirisha la udahili, steshenari za mijini hujaa vijana. Mmoja anataja namba yake ya mtihani, mhudumu anaangalia ufaulu, kisha anauliza, "Nikuwekee kozi gani?" Kijana anababaika. Nyuma yake kuna foleni. "Weka yoyote yenye ajira, kaka." Mhudumu anaweka. Hapo imeshaamuliwa miaka mitatu, minne au mitano ya ujana wa mtu, pamoja na mkopo wa masomo atakaokatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka uishe.

Simlaumu mhudumu, wala kijana. Ombi langu nalileta kwenu mlio kazini.

Hiyo "yenye ajira" inachakaa haraka kuliko tunavyodhani. Wanaokumbuka miaka ya 2000 wanajua ualimu ulivyokuwa: ukimaliza chuo unapangiwa kituo, unafunga begi, unakwenda kuripoti. Wazazi wengi, kwa nia njema kabisa, wakawaelekeza watoto huko. Leo mhitimu wa ualimu wa Historia na Kiswahili anaomba kazi kwa Sekretarieti ya Ajira na anakaa kwenye usaili na watu waliohitimu miaka mingi kabla yake. Aliyeufuata ualimu kwa ajili ya ajira peke yake ameumia mara mbili, maana ajira hakuipata na kazi yenyewe hakuwahi kuipenda. Lakini na mimi sitamdanganya mtoto wa mtu kwamba afuate moyo tu, mengine yatajipa. Mwenye nyumba anataka kodi yake kila mwezi.

Tena huo moyo utafuata nini? Mtoto aliyekulia kijijini amemwona mwalimu, muuguzi, askari na mwenye duka. Atapendaje upimaji ardhi, wakati hajawahi kumwona mpima akishinda juani na vifaa vyake, majirani wawili wakimvuta huku na huku kwa sababu ya mpaka, kisha usiku akae na kompyuta kuchora ramani? Kuna kijana angeiona kazi hiyo siku moja tu asitake nyingine. Yupo pia ambaye angekimbia, na kukimbia mapema kungemwokoa.

Kwa hiyo nawaomba: mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei, matokeo yanatoka Julai. Mwite mtoto wa jirani kazini kwako siku mbili, kabla hajaenda JKT au akisharudi. Mwoneshe na yale yanayochosha. Mtajie mshahara wa kuanzia bila kuona haya. Mwambie ulikaa nyumbani muda gani kabla ya kupata kazi, na nani alikushika mkono. Mambo haya tunayaficha mno, na kuyaficha kwetu kunawagharimu wadogo zetu.

Wakuu wa shule, kwenu ndiko kwenye uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa uamuzi unaanza kwenye selform ya kidato cha nne, fomu ya kuchagua tahasusi. Aliyekwenda HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hawezi tena kuomba uhandisi au udaktari kwa vyeti hivyo, hata apate alama za juu namna gani. Waiteni wazazi wenye taaluma waje kuzungumza na darasa kabla fomu hazijajazwa. Waiteni na mafundi waliotoka VETA, maana si kila mwenye akili lazima apitie shahada.

Na wewe mzazi unayesema "wangu ni daktari" tangu mtoto yuko darasa la tatu, muulize leo kama anaitaka kazi hiyo, halafu umwache amalize kujibu. Akikutajia kazi usiyoijua, mtafuteni pamoja mtu anayeifanya. Kama wewe msomaji ndiye unayeifanya, wapokee.