UCHAMBUZI: Kinachofanya roketi kuwa ghali ni mkataba, si chuma

ROKETI kubwa ya SLS ya Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) ilipaa hatimaye Novemba 16, 2022. Sheria iliyopitishwa na bunge la nchi hiyo mnamo 2010 ilitaka iwe tayari kufikia mwisho wa 2016. Machi 2022, mkaguzi mkuu wa shirika hilo aliwaeleza wabunge kwamba kila mojawapo ya safari nne za kwanza, pamoja na chombo cha wanaanga, ingegharimu Dola 4.1 bilioni.

La kustaajabisha ni kwamba injini zake nne hazikuwa mpya. Zilitolewa katika vyombo vya shuttle vilivyostaafishwa 2011. Tatizo liko kwenye malipo. Katika mikataba mikuu ya mradi huo, mkandarasi hurejeshewa gharama zake kisha akaongezewa faida. Anayechelewa huendelea kulipwa. Msomaji aliyeshuhudia barabara ya kwao ikijengwa kwa miaka minane hahitaji ufafanuzi zaidi.

Kampuni ya SpaceX ilianza na roketi ndogo, Falcon 1, iliyofeli mara tatu kabla ya kufaulu Septemba 28, 2008. Shirika la umma lingefeli mara tatu mfululizo, wakuu wake wangeitwa mbele ya kamati ya bunge wakajieleze. Iliyofuata, Falcon 9, hunyanyuliwa na injini tisa za aina moja, zinazoundwa kwa wingi katika kiwanda kimoja. NASA yenyewe ilikadiria 2011 kwamba kuibuni kwa utaratibu wake wa kawaida kungegharimu karibu Dola 4 bilioni. Kampuni ilitumia takriban Dola 300 milioni. Ni roketi hiyo iliyobeba setilaiti yetu ya Taifa-1, iliyogharimu Sh50 milioni, mnamo Aprili 2023.

Wapo watakaokimbilia kusema kwamba basi serikali ijiondoe. Hawasemi kweli yote, kwani mkataba wa NASA wa Dola 1.6 bilioni, Desemba 2008, ndio ulioinusuru SpaceX.

Tena, ubinafsi wa kampuni si kinga. Mnamo 2014, NASA iliipa Boeing mkataba wa Dola 4.2 bilioni na SpaceX Dola 2.6 bilioni ili zisafirishe wanaanga hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. SpaceX iliwafikisha 2020. Chombo cha Boeing kilibeba watu mara ya kwanza Juni 2024, kikavuja heliamu, injini zake ndogo zikasumbua, na Septemba kikarejeshwa kitupu. Wanaanga wake wawili walirudi nyumbani Machi 2025, ndani ya chombo cha mshindani.

Lakini bei ilikuwa imefungwa tangu mwanzo. Hasara, iliyopita Dola 1 bilioni, ilibaki katika vitabu vya Boeing. Katika mradi wa SLS, ingeongezwa kwenye ankara ya mlipa ushuru.