Mtoto wa Mbwa Asifungiwe kwa Kusubiri Chanjo

Mtoto wa mbwa aletwapo nyumbani akiwa na umri wa wiki nane, ushauri wa kwanza ambao mwenyewe hupewa ni kwamba asitoke, asikaribiane na mbwa wengine, akae bandani mpaka chanjo zitimie. Ushauri huo una msingi wake. Hata hivyo, namna unavyotekelezwa katika nyumba nyingi za mijini huzaa madhara ambayo daktari wa mifugo aliyeutoa huenda asiyaone. Huonekana baadaye, katika chumba cha majeraha cha hospitali ya binadamu, na aliyeng'atwa mara nyingi ni mtoto.

Kinachoogopwa zaidi ni ugonjwa wa parvo, uliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Humtapisha na kumharisha damu mtoto wa mbwa, humwua kwa siku chache, na virusi vyake huweza kuishi ardhini kwa miezi mingi. Kinga aliyoipata kwa mama kupitia dang'a humlinda wiki za mwanzo, lakini kinga hiyo hiyo huizuia chanjo isifanye kazi. Kwa kuwa siku ya kwisha kwake hutofautiana baina ya mtoto na mtoto, chanjo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikie wiki ya 16. Ubongo wa mbwa hauingoji ratiba hiyo.

Mwaka 1961, watafiti wa maabara ya Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililobadili fikra za wengi. Waliwalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu bila kuwazoesha watu, wakawatoa baadhi yao kwa juma moja katika umri tofauti ili wachezewe na kushikwa, kisha wakawarudisha uwanjani. Wale ambao hawakuwahi kutolewa hadi wiki ya 14 waliwaogopa watu kama wanyama wa porini, wala hawakuzoeshwa kwa urahisi baada ya hapo. Tangu wakati huo imekubalika kwamba kipindi cha kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya 12 au ya 14 ndicho ambacho mbwa hujifunza kipi cha kawaida na kipi cha kuogopwa. Anayefungiwa mpaka wiki ya 16 hutolewa wakati somo limekwisha.

Wapo wanaofurahia matokeo hayo. Kibao cha "Mbwa Mkali" getini huhesabiwa kuwa sehemu ya ulinzi, na baadhi ya watu huamini kwamba mbwa aliyekulia gizani ndiye mlinzi bora. Hilo ni kosa. Mbwa wa namna hiyo si mkali, ni mwoga, na mwoga hachagui wa kumng'ata. Mwizi huweza kumkwepa kwa kuwa amejiandaa. Mtoto wa jirani aliyeingia kuufuata mpira hakujiandaa.

Mwaka 2008, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba watoto wa mbwa waanze mafunzo ya pamoja tangu wiki ya saba au ya nane, ilimradi wamepata walau chanjo ya kwanza siku saba kabla, pamoja na dawa ya minyoo. Tamko hilo ni la busara, ila lisihamishiwe hapa kama lilivyo. Katika mitaa ambayo mbwa wengi hawajachanjwa na jalala la mtaa ndiyo njia yao ya kila siku, kumshusha chini mtoto wa mbwa wa wiki tisa ni kumtafutia parvo. Njia inayofaa ni kumletea ulimwengu alipo, au kumpeleka akautazame bila kuikanyaga ardhi yake.

Jambo hili halihitaji fedha. Akiwa ndani ya kikapu kilichotandikwa kitambaa, anaweza kubebwa mpaka kijiwe cha bodaboda, akakaa robo saa akisikia pikipiki zinavyowashwa na kuona watu wenye kofia ngumu, akarudi. Siku nyingine huwa zamu ya mama muuza mboga, ya wanafunzi watokao shuleni, ya mzee mwenye mkongojo. Mvua juu ya bati, adhana, honi na mtwangio wa kinu ni sauti ambazo akizisikia mapema huku akila hatazitetemekea baadaye. Akijikunyata, asogezwe mbali na sauti hiyo mpaka atulie. Kumlazimisha humfundisha woga uleule unaokwepwa. Wageni wamtembelee nyumbani, wavue viatu mlangoni na kunawa mikono. Mbwa mzima anayefahamika, aliyechanjwa na mwenye afya, aweza kuja kucheza naye katika ua wa saruji usiopitwa na mbwa wa mtaani.

Michezo nayo ni sehemu ya malezi. Kamba nene iliyofungwa mafundo, au chupa tupu ya plastiki isiyo na kifuniko yenye punje chache za chakula ndani, humshughulisha kwa muda mrefu, mradi iondolewe anapoanza kuitafuna vipande. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwani hupasuka na kuchoma utumbo. Kidole cha mtu kisiwe mchezo kamwe. Watoto hufurahi kung'atwang'atwa na meno yale madogo, na mbwa hujifunza kwamba mkono wa binadamu unatafunwa. Waonyeshwe kusimamisha mchezo na kumpa kamba badala ya mkono, na mtu mzima asiwaache peke yao naye. Dawa ya minyoo isichelewe, kwa maana watoto wa mbwa huweza kuzaliwa wakiwa na minyoo ambayo mayai yake, yakishakomaa mchangani na kumezwa, humdhuru pia mtoto wa binadamu.

Kwa familia za Kiislamu, hasa za pwani, ambazo hujitenga na mate ya mbwa kwa sababu ya tohara, kumzoesha hakudai kumkumbatia. Mbwa huzoea watu kwa kuwaona, kuwasikia na kuwanusa kutoka hatua kadhaa. Lakini inafaa isemwe wazi kwamba kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, ni hukumu ya ibada wala si tiba ya kidonda. Jeraha la mbwa lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na lisitiwe udongo, majivu wala mafuta ya taa.

Linabaki suala la kichaa cha mbwa, ambalo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Wengi huamini kwamba mtoto wa mbwa hawezi kuwa nao, na wengine humrudisha nyumbani kutoka kituo cha chanjo kwa madai kwamba hajatimiza miezi mitatu. Yote mawili si sahihi. Mtoto wa mbwa huambukizwa na huambukiza. Shirika hilo linashauri kampeni ziwachanje mbwa wa umri wote, wakiwemo wa chini ya miezi mitatu, na aliyechanjwa mapema hurudiwa kadiri daktari wa mifugo atakavyopanga.

Kwa hiyo mzazi anapofika zahanati akisema "ni mkwaruzo tu, mbwa mwenyewe bado mdogo," mhudumu asiishie hapo. Aulize mbwa alitoka wapi, mama yake alichanjwa au la, aliwahi kukutana na mbwa wa mtaani, na kama bado yu hai. Dozi ya kwanza isicheleweshwe kwa kungoja siku kumi za kumwangalia mbwa. Mbwa akifika siku ya kumi akiwa mzima, daktari aweza kusimamisha dozi zilizosalia.