Mwenye siliaki wa Kasulu hahitaji duka la Dar

Mzazi anapoambiwa kuwa mtoto wake ana ugonjwa wa siliaki, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Daktari, sasa atakula nini?" La pili hufuata hapo hapo: "Hivyo vyakula maalumu vinauzwa wapi?" Kwa wazazi wa Kasulu na Kibondo jibu langu ni fupi. Vinauzwa sokoni kwenu, na vingi viko shambani kwenu.

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mdogo kila mgonjwa anapokula gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Vijinywele vinavyofyonza virutubisho ndani ya utumbo huharibika. Mtoto anakula, lakini mwili haupati kitu. Huharisha kwa muda mrefu, tumbo hujaa, hakui, na damu hupungua hata akimeza vidonge vya madini chuma. Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Kati ya watoto wa Kisaharawi, wa Sahara Magharibi hapa hapa Afrika, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya 5 kati ya 100 wanao, ilhali duniani kwa jumla ni takribani mtu 1 kati ya 100.

Hata hivyo, usimwekee mtoto jina la ugonjwa huu kwa kubahatisha. Katika maeneo yetu, kuharisha kusikoisha mara nyingi husababishwa na giadia, minyoo, kifua kikuu cha tumbo, VVU au utapiamlo wa kawaida. Hayo huchunguzwa kwanza. Na usimwachishe ngano kabla ya kipimo cha siliaki, kwa sababu ukimwachisha, kinga zinazotafutwa kwenye damu hupungua na majibu huweza kuonyesha kuwa hana. Safari ya kwenda Bugando au Muhimbili kupigwa kipimo cha kamera ya tumbo ni ghali. Isiharibiwe na haraka yetu.

Yakishathibitika majibu, ndipo jiko linapobadilika. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, ndiye aliyeonyesha kuwa ngano ndiyo chanzo. Wakati wa njaa kuu ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate uliadimika nchini mwake, na watoto wake wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakaugua tena. Mwaka 1950 alichapisha tasnifu yake juu ya jambo hilo. Waholanzi waliujua ukweli huo kwa kukosa mkate. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma chakula chetu cha asili hakijawahi kuutegemea.

Hebu tuhesabu. Ugali wa muhogo na wa mahindi, mtama, ulezi, mchele, ndizi, viazi vitamu, viazi mviringo, magimbi, maharage, karanga, mboga za majani, mayai, nyama, maziwa, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, mawese na asali. Vyote hivyo, vikiwa havijachanganywa na kitu, havina gluteni. Paketi za biskuti maalumu zinazoagizwa nje ni za anasa. Mzazi asiuze mbuzi kwa ajili yake. Fedha hiyo ni afadhali inunue mayai na dagaa, kwa sababu muhogo una protini kidogo na utumbo unaopona unahitaji kujengwa. Muhogo mchungu uloweke na kuukausha vizuri kama wazee walivyotufundisha, ili sumu yake itoke. Maziwa yakimsumbua mtoto wiki za mwanzo, yapunguze. Wengi huyarudia utumbo ukishapona.

Hatari iko kwenye vitu vilivyochanganywa. Wa kwanza ni unga wa lishe. Wengi wetu huuchanganya na ngano tukiamini tunaongeza nguvu, kisha tunamnywesha uji huo mtoto yule yule anayeharisha. Wa mwenye siliaki tengeneza mwenyewe kwa mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga.

Pili ni mashine ya kusaga. Ukisaga mahindi yako mara baada ya mtu aliyesaga lishe yenye ngano, unga wako umechafuka. Mwombe mwenye mashine akusagie baada ya mahindi au muhogo mtupu, au twanga nyumbani kwa kinu chako na chekeche chako.

Tatu ni mafuta. Mihogo iliyokaangwa kwenye mafuta ya maandazi si salama tena. Nne ni vya pakiti na vya msaada. Kwenye maandishi tafuta maneno haya ya Kiingereza: wheat, barley, rye na malt. Ukiliona hata moja, rudisha. Familia za Nyarugusu na Nduta zisome gunia pia, kwani unga wa lishe wa msaada upo wa mahindi na soya, na upo wa ngano na soya. Kwa wakubwa, bia nyingi za chupa hutengenezwa kwa shayiri. Na Mkatoliki azungumze na paroko wake: Kanisa linaruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, au kukomunika kwa divai peke yake.

Lakini kinachowashinda wengi, kwa maoni yangu, ni heshima tuliyoipa ngano. Mgeni akija tunampikia chapati. Mtoto akifaulu tunamnunulia mkate. Muhogo tunauita chakula cha shida. Kwa hiyo mtoto anayenyimwa andazi anaonekana ananyanyaswa, na bibi au shangazi anamwonea huruma: "Mwonjeshe kidogo tu, hatakufa." Ni kweli hatakufa siku hiyo. Ila miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, kiasi kilichomo katika chini ya gramu moja ya mkate, zikiendelea zinatosha kuharibu utumbo. Huruma ya kila Jumapili ndiyo inayomrudisha wodini, na mama ndiye anayelaumiwa kuwa hamlishi mtoto.

Bibi na shangazi waelezwe mapema, na ikiwezekana waje kliniki wasikie kwa masikio yao. Mwalimu naye aambiwe, hasa shule inapotoa chai na maandazi. Siku ya sherehe nyumba nzima ile vitumbua vya mchele mtupu, au bagia za dengu zilizokaangwa kwenye mafuta mapya, ili mtoto asikae pembeni na sahani yake. Nasi wahudumu wa afya tuache kumpa mzazi karatasi ya makatazo bila kumtajia vinavyolika. Mzazi aliyesikia "asile mkate, asile chapati, asile tambi" hurudi nyumbani akiamini mwanawe amehukumiwa njaa.

Kuharisha hupungua ndani ya wiki chache, uzito huanza kupanda, ingawa utumbo wenyewe huchukua miezi, hata miaka, kupona kabisa. Mlete kliniki apimwe uzito, urefu na damu. Waje pia wazazi na ndugu zake wa tumbo moja, kwani takribani 1 kati ya 10 wao huwa nao. Na wao waendelee kula ngano mpaka wapimwe.