MALEZI: Kijana akishajua kazi, mwacheni atembee

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wazazi wengi hutumia methali hiyo kumtisha mtoto mkaidi. Kwa baadhi ya maseremala wa Ujerumani, hata hivyo, kufunzwa na ulimwengu si adhabu. Ni sehemu ya masomo.

Kijana wa huko hujifunza useremala kwa takriban miaka mitatu, akifanya kazi kwa fundi na kuhudhuria darasa. Akifaulu mtihani hupewa cheti. Wengi hapo hutafuta ajira, lakini wachache hufuata desturi iliyoanza zama za kati: hufunga furushi na kuondoka nyumbani kwa miaka mitatu na siku moja.

Masharti ni magumu. Msafiri awe chini ya miaka 30, asiwe na ndoa, mtoto wala deni. Habebi simu ya mkononi. Halipi nauli, bali hutembea kwa miguu au huomba lifti. Haruhusiwi kufika karibu na kwao, umbali wa kilomita 50, isipokuwa kwa jambo zito kama msiba.

Mzazi anaweza kuona kwamba huko ni kumtupa mtoto. Lakini yapo masharti yanayomlinda. Katika miezi ya mwanzo huongozana na mwenzake aliyekwisha kuzoea safari. Asiye na deni hawezi kuitumia safari kukimbia wadai. Huvaa suti nyeusi ya kodrai na kofia, hivyo kila mtu humtambua, na akifanya fujo mahali atawafungia mlango wenzake watakaofuata. Na kwa kuwa hakai kwa fundi mmoja zaidi ya miezi michache, anaona namna nyingi za kuunga mbao na kuezeka paa. Fundi mzee akifariki, ujuzi wake haufi naye, kwani umekwisha kuondoka na vijana waliopita kwake.

Ufaransa nako maseremala na mafundi wengine huzunguka mji hadi mji, wakifanya kazi mchana na kusoma jioni. Hulala katika nyumba za chama chao, na kwa desturi mwanamke anayeitunza nyumba huitwa Mama. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza utaratibu huo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Faida yake ilionekana baada ya kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, kuungua Aprili 2019. Paa lake la mbao lilikuwa la karne nyingi. Walipatikana maseremala walioweza kuchonga magogo ya mwaloni kwa shoka kama wenzao wa kale, wakiwemo waliopitia safari hizo. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Kwetu, mara nyingi mtoto hupelekwa kwa fundi baada ya kufeli shule, bila makubaliano yoyote. Mwaka unakwisha akifagia maranda na kutumwa chai. Mzazi, kabla ya kumwacha pale, muulize fundi: atashika randa lini? Atatengeneza nini peke yake baada ya miezi sita? Nani atampima? Nchini Tanzania, VETA huwapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia mitaani.

Jambo gumu zaidi huja akishaiva. Ameanza kuleta hela ya unga, na nyumba nzima inamtegemea. Akisema anataka kwenda mji mwingine kwa fundi anayejua kuchonga milango, huambiwa hana shukrani. Huenda nyumba ikabana matumizi kwa muda. Lakini akizuiwa, atabaki na yale tu anayoyajua fundi wake wa kwanza, na wanafunzi wake watapata pungufu ya hapo.

Wasafiri wa Ujerumani huondoka na euro chache mfukoni, na desturi huwataka warudi na kiasi kilekile. Hakuna mzazi wa huko anayemsubiri mwanawe mlangoni amhesabie fedha. Humuuliza amejifunza nini.