Shehena ina hati ya kuvuka, mgonjwa hana

Katika mipaka ya Namanga, Busia, Malaba na Rusumo, maofisa wa nchi mbili hukagua shehena chini ya paa moja. Mfanyabiashara hamalizi siku nzima akizunguka kati ya majengo mawili. Lakini mtu huyo huyo akiwa anaishi na VVU na dawa zikamwishia upande wa pili, mambo hubadilika: kupata dozi ya kuendelea nayo hutegemea kituo alichofika na mhudumu aliyemkuta.

Pengo hilo lina gharama nyingi, na mojawapo haisemwi sana. Ni ya damu.

VVU havipunguzi kinga ya mwili tu, huivuruga pia. Kinga iliyovurugika inaweza kugeuka na kushambulia chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 30,000, hatari ya kuvuja damu huongezeka: fizi, pua, hedhi isiyokatika, vidoa vyekundu miguuni. Mara chache damu huvujia ubongoni.

Ugumu uko kwenye tiba. Kwa mgonjwa mwingine, daktari huanza na prednisoloni, dawa nafuu inayotuliza kinga. Kwa mtu ambaye tayari amepungukiwa kinga, kuituliza zaidi ni kufungulia mlango maradhi mengine, hasa kifua kikuu. Rituksimabu, inayoondoa chembe zinazozalisha kingamwili, inaweza kuamsha homa ya ini ya aina B iliyojificha. Upasuaji wa kuondoa wengu humwacha mgonjwa na hatari ya maambukizi makali ya bakteria maisha yake yote. Imunoglobulini ya kudungwa mshipani haidhoofishi kinga, lakini hutengenezwa kwa plazma ya maelfu ya wachangiaji, ni ghali, na nafuu yake ni ya wiki chache tu.

Ndiyo maana msingi wa tiba kwa wagonjwa hawa ni dawa za kufubaza VVU zenyewe. Virusi vikishuka, mara nyingi chembe sahani hupanda. Zile dawa nyingine humvusha anayevuja damu hadi msingi huo ushike. Na msingi hautaki kukatizwa. Jaribio la SMART, lililohusisha watu 5,472 na kuchapishwa mwaka 2006, lilionyesha kuwa waliositisha dawa kwa vipindi waliugua na kufa zaidi kuliko walioendelea bila kusita.

Hapo ndipo mpaka unapogeuka suala la afya. Mfanyabiashara aliyekwama na mzigo wiki tatu zaidi ya alivyopanga hukosa dozi. Fizi zikianza kutoa damu, hukimbilia duka la dawa la karibu. Huko anaweza kuuziwa prednisoloni bila cheti cha daktari, au aspirini na ibuprofeni ambazo huzidi kudhoofisha kazi ya chembe sahani. Tena si kila upungufu wa damu unatokana na kinga: malaria na kifua kikuu huushusha, na zidovudini, moja ya dawa za VVU, huweza kupunguza chembe nyekundu. Bila kipimo cha picha kamili ya damu, tiba ni kubahatisha.

Serikali zina hoja yao. Kila nchi hununua dawa kwa bajeti yake na fedha za wafadhili, na tangu Marekani ilipositisha misaada yake ya nje Januari 2025 ili kuipitia upya, hofu ya kumhudumia mgonjwa wa jirani inaeleweka zaidi. Lakini kanda hii imewahi kutatua hesabu ngumu kuliko hiyo. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda au Rwanda hulipwa kwa nchi uendako wakati mzigo bado uko bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Nchi zinazoweza kuandikiana hesabu za kontena zinaweza kuandikiana hesabu za chupa ya vidonge.

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinazungumzia ushirikiano wa afya, na mpango wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa mwaka 2012. Dawa yenyewe imeanza kutambuliwa kikanda. Anayeimeza bado.

Hadi hapo, jukumu linamwangukia msafiri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mgonjwa aliye imara apewe dawa za miezi mitatu hadi sita. Ziombe kabla ya safari ndefu. Beba karatasi yenye majina ya dawa zako na majibu ya mwisho ya vipimo vya damu. Ukiona damu fizini au vidoa miguuni, tafuta kipimo kabla ya kidonge.