"Several" si Kadhaa: Kiingereza Kinachotugharimu Fedha Mwanza

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa habari za pamba, dagaa, sangara na hisa. Wiki hii naomba kuzungumzia bidhaa ambayo haiwekwi kwenye mzani wala haipigwi mnada Kirumba, ingawa inanunuliwa kwa wingi mjini kwetu. Bidhaa hiyo ni Kiingereza kikubwa, chenye msamiati mgumu na misemo ya wenyewe.

Wafanyabiashara wengi wanajifunza lugha hiyo siku hizi, na ni jambo jema. Wasiwasi wangu ni juu ya kile wanachojifunza. Namfahamu dalali mmoja wa samaki ambaye amekariri daftari zima la misemo. Anajua kwamba mvua kubwa kwa Mwingereza ni ya paka na mbwa, na kwamba mtu aliyepiga teke ndoo amefariki dunia. Nilipomwuliza maana ya "demurrage" alinyamaza, ingawa aliwahi kuilipa Dar es Salaam. Ni tozo ya kuchelewesha meli au kontena kupita siku zilizokubaliwa, na huhesabiwa kwa siku. Hakuna aliyefilisika kwa kutojua habari za paka na mbwa.

Naandika haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya biashara, nilikuja nyumbani likizo nikamkuta baba yangu mdogo, muuza dagaa wa Mwaloni, ana karatasi za benki moja. Rafiki yake alikuwa anakopa fedha za injini na nyavu, na wadhamini walitakiwa watatu. Karatasi zilikuwa za Kiingereza kitupu. Juu ya mahali pa sahihi paliandikwa kwamba wadhamini watawajibika "jointly and severally". Baba mdogo akaniuliza, "Msomi wetu, hapa wanasemaje?" Nikamjibu bila kupepesa macho: "jointly" ni kwa pamoja, "several" ni kadhaa, kwa hiyo mko watu kadhaa na mzigo ni wa wote, jamaa akishindwa mtagawana mafungu matatu. Akatia sahihi.

Jamaa alishindwa. Mdhamini mmoja alikwisha kuhama mkoa, wa pili hakuwa na kitu cha kukamatwa. Benki haikugawa mafungu matatu. Ilimdai baba mdogo deni zima pamoja na riba, na kwa mujibu wa karatasi ile ilikuwa na haki. Katika lugha ya mikataba neno lile limebaki na maana yake ya zamani, yaani kila mmoja mbali na mwenzake. Ukiunganisha na "jointly", mwenye kudai anaweza kuwafuata wote pamoja, au kumchagua mmoja tu na kumtoza yote. Aliyelipa anaweza kuwadai wenzake mafungu yao, lakini aliyehama na asiye na kitu utawadai nini? Baba mdogo aliuza mtumbwi na kiwanja chake cha Buswelu. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwanangu, kumbe hiyo kadhaa ni mimi peke yangu."

Nilikuwa nimefaulu Kiingereza vizuri sana sekondari. Ndiyo maana nasema hatari kubwa haiko kwenye neno usilolijua, kwa kuwa hilo utaliulizia. Hatari iko kwenye neno dogo ulilolijua tangu kidato cha kwanza, ambalo limevaa sare ya biashara na kubadilika maana.

Chukua "free". Kila mtoto anajua ni bure au huru. Sasa mnunuzi wa ng'ambo anakuandikia bei ya "free on board". Hakuna cha bure hapo. Ni kwamba wewe muuzaji unabeba gharama na hatari mpaka mzigo uwe umepakiwa melini katika bandari iliyotajwa, na kuanzia hapo ni juu yake. Mtu wa Mwanza akikubali bei hiyo kwa bandari ya Dar es Salaam, amekubali kubeba safari ya zaidi ya kilomita 1,000, ushuru wa kutoa bidhaa nje na gharama za kupakia. Masharti haya yamewekwa na Baraza la Biashara la Kimataifa la Paris, ambalo lilianza kuyachapisha mwaka 1936 na toleo linalotumika sasa ni la 2020. Aidha, sharti hilo ni la meli peke yake. Kwa minofu inayosafirishwa kwa ndege kuna sharti lingine, lakini bado nakutana na watu wanaoandika "FOB" kwenye kila karatasi kama vile ni salamu.

Au chukua "about", yaani kama, takriban. Benki zinapotoa ahadi ya malipo, ile ambayo watu wa benki huiita LC, hufuata kanuni za baraza hilohilo, toleo la mwaka 2007. Kanuni hizo zinasema kwamba neno "about" likitangulia kiasi, linaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 10. Ukiandikiwa tani "about" 20, unaweza kupeleka 18 au 22 na karatasi zako zikapita, mradi fedha zilizoahidiwa zinatosha. Ukiandikiwa magunia 400 bila neno hilo, ukapeleka 390, benki inaweza kukataa kulipa hata kama dagaa wako ni weupe kama fedha. Benki haionji dagaa, inasoma karatasi.

Watu wa sangara wamelijua hili kwa njia ngumu zaidi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba wengine walivuliwa kwa sumu, viwanda vilipunguza kazi na wavuvi wakakosa wanunuzi. Masharti ya Ulaya yamejaa maneno "competent authority". Kamusi ya shule itakuambia "competent" ni hodari, mwenye uwezo. Anayesoma hivyo atadhani anatakiwa kutafuta mtaalamu mzuri. Kumbe ni chombo cha serikali kinachotambuliwa kisheria kukagua na kuthibitisha usalama wa samaki, na kwetu ni idara inayosimamia uvuvi. Cheti cha mtu mwingine yeyote, hata awe hodari namna gani, hakivushi kilo moja.

Kuna pia mabondo. Kila kijana wa Mwaloni anayajua, na anajua kwamba Wachina wanayatoa bei kubwa kuliko minofu. Wanunuzi wa Hong Kong wanayaandika "fish maw". Tafuta "maw" kwenye kamusi, utapelekwa kwenye tumbo au domo la mnyama. Ukijibu barua kwa kutegemea kamusi, utampa mtu bei ya matumbo ya sangara.

Kwa wenye hisa nitasema kwa kifupi. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze biashara mwaka 1998, tumejifunza kusema soko la fahali na soko la dubu. Fahali Msukuma anamjua vizuri. Dubu hajawahi kumwona, na hana hasara yoyote kwa hilo. Herufi mbili, "ex", ndizo zenye hasara. Hisa ikitangazwa kuwa "ex dividend", anayeinunua kuanzia siku hiyo hapati gawio lililotangazwa, linakwenda kwa aliyemuuzia. Kwa kawaida bei hushuka kidogo siku hiyo, na mwekezaji mgeni huona ameokota dodo chini ya mnazi.

Najua wapo watakaonijibu kwamba dawa ni Kiswahili. Nakubaliana nao kwa nusu. Biashara ya dagaa na Wakongomani na Warundi pale Mwaloni inakwenda kwa Kiswahili na haijawahi kudorora kwa ajili hiyo. Pengine kinachohitajika ni kujua tu kwamba Mkenya anawaita omena na Mganda mukene. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mkopeshaji anayefanya biashara Mwanza hana sababu ya kumpa muuza dagaa dhamana ya Kiingereza, na tudai bila haya karatasi ya Kiswahili kabla ya kuchukua kalamu. Hata hivyo, mnunuzi wa Rotterdam au Hong Kong hataandika Kiswahili kwa ajili yetu, na bima, meli na ndege zina karatasi zao.

Tafsiri nayo si jambo jepesi. Mwalimu Nyerere, mtoto wa mwambao huuhuu wa ziwa, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mkopo wa Venice, iliyotoka mwaka 1969, aliwaita wale wafanyabiashara mabepari. Neno moja, na hukumu tayari imepita! Tena kesi yenyewe mle ndani inaamuliwa na kilichoandikwa na kisichoandikwa katika hati: nyama imetajwa, damu haikutajwa.

Kwa anayetaka kujifunza, ushauri wangu ni huu. Weka pembeni vijitabu vya misemo. Chukua karatasi moja ya biashara yako mwenyewe, ankara, bima, mkataba wa mkopo au tangazo la gawio, uisome mstari kwa mstari na mtu wa kazi hiyo: wakala wa forodha, karani wa benki, wakili ukimmudu. Maneno yaandike kwenye daftari pamoja na sentensi zake, kwa maana neno pekee ndilo lililoniponza. Yale unayoona ni mepesi yaulizie kwanza. Karatasi kumi za namna hiyo zitakufaa kuliko mwaka wa madarasa ya jioni, na simsemi vibaya mwalimu yeyote.

Jumatatu iliyopita baba mdogo aliniletea karatasi nyingine, safari hii ya mnunuzi wa mabondo, yenye maneno "best endeavours" katika mstari wa tatu. Akaniuliza kama kawaida, "Msomi wetu, hapa wanasemaje?" Nikamwambia sijui, aniachie siku mbili nikaulize kwa wakili. Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni mwa koti, akasema atakuja nami.